SP waliiacha kutibu malaria, sasa kwa nini mjamzito bado anamezeshwa kliniki?

"Dokta shikamoo. Mimi nina miaka 21 niko Sengerema, mimba yangu ya kwanza, miezi mitano na nusu. Kliniki ya kwanza nilipimwa malaria nikaambiwa sina, lakini nesi akanipa vidonge vitatu vya SP nikameza palepale. Mwezi uliofuata nikapewa tena vitatu, foleni ilikuwa kubwa na maji ya kumezea yalikuwa yameisha nikaambiwa kamezee nyumbani. Kufika nyumbani mama mkwe akasema hiyo ni Fansidar, serikali yenyewe iliiacha kwa sababu malaria imeshaizoea, kwa hiyo wanamalizia stoo kwa wajawazito. Shemeji yangu naye kasoma kwenye simu kwamba kuna utafiti umefanyika Tanzania na Kenya wa dawa mpya inayozuia malaria kuliko SP. Vidonge mpaka leo viko kwenye mkoba. Neti nalalia kila siku. Sasa dokta, nameza dawa ya ugonjwa ambao sina, tena dawa ambayo haitibu? Si bora ninunue mseto nimeze dozi nzima nijue moja? Na hiyo dawa mpya kwa nini hatupewi? Naogopa nisije nikamdhuru mtoto."

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana kwa mimba. Nakujibu kwanza kwa kifupi ili usikae na wasiwasi wakati unasoma haya marefu: SP (sulfadoksini na pyrimethamini, ndo hiyohiyo Fansidar) endelea nayo, mseto usinunue, na hivyo vidonge vya kwenye mkoba nitakwambia cha kufanya. Halafu sasa tuongee vizuri, kwa sababu maswali yako ni ya msingi kabisa na inaniuma kwamba umepewa dawa mara mbili na hakuna aliyekaa na wewe hata dakika tano akakueleza ni ya nini. Mimi kazi yangu ni hii ya malaria kwa wajawazito na nakuhakikishia wanaojiuliza kama wewe ni wengi mno, tofauti ni kwamba wengine hawaulizi, wanatupa vidonge njiani.

Nianze na mama mkwe, kwa sababu historia yake ni ya kweli. Tanzania mwaka 2001 tuliacha klorokwini tukahamia SP kama dawa ya kutibu malaria, Kenya walitangulia tangu 1998. Haikuchukua muda SP nayo ikaanza kushindwa, mtu anameza homa inashuka wiki mbili tatu vimelea vinarudi, na ilipofika mwisho wa 2006 tukahamia mseto, yani ALu (artemeta na lumefantrini). Kilichotokea ni kwamba vimelea vya malaria vilibadilika kwenye jeni mbili, zile ambazo SP inazilenga, mabadiliko yakajikusanya moja baada ya jingine mpaka yakafika matano kwenye kimelea kimoja, na huku kwetu Afrika Mashariki vimelea vya namna hiyo ndo vimekuwa vingi. Kwa hiyo akikwambia malaria imeizoea SP hajakosea. Alipokosea ni kwenye hitimisho, na hata wahudumu wa afya wengine nimewasikia wakifikia hitimisho hilohilo.

Angalia tofauti iliyopo kati ya kutibu na kuzuia. Mtu aliyelala na homa ya malaria anaweza kuwa na vimelea mabilioni kwenye damu yake, na ili apone inabidi dawa iviue vyote, vikibaki vichache sugu vitazaliana na ugonjwa utarudi. Hapo SP haiwezi kazi, ndo maana ilitolewa. Wewe hujalala na homa. Kwako tunazungumzia kimelea ambacho labda mbu kakuingizia juzi, au vichache vilivyojificha ambavyo havijaanza kukusumbua, na ndani ya mwili wa mtu mzima aliyekulia Kanda ya Ziwa ambaye kinga yake nayo inasaidia. Jembe butu haliwezi kufyeka shamba lililogeuka pori, lakini magugu yaliyochipua jana linayapalilia. Halafu SP ina sifa moja ambayo mseto hauna, inakaa mwilini muda mrefu. Ukimeza leo sulfadoksini inaendelea kuzunguka kwenye damu kwa wiki kadhaa ikipungua polepole. Ni kweli usugu umefupisha huo muda wa ulinzi ukilinganisha na zamani, lakini haujaufuta, na ndo sababu unapewa kila mwezi badala ya mara moja tukaishia hapo.

Sasa kwa nini mjamzito na si kila mtu? Hapa naomba utulie kidogo kwa sababu ndo kiini cha jambo lote. Wewe umekulia sehemu yenye malaria, utotoni umeugua mara nyingi, mwili ukajifunza, ndo maana ukubwani malaria haikulazi kama ilivyokuwa inakulaza ukiwa mdogo. Ukishika mimba linaota kondo la nyuma, kiungo kipya ambacho mwili wako haujawahi kuwa nacho. Kwenye kondo kuna aina ya sukari ambayo chembe nyekundu za damu zenye vimelea zinaweza kuing'ang'ania. Mwaka 1996 watafiti Michal Fried na Patrick Duffy, wakitumia makondo ya akina mama wa magharibi mwa Kenya, walionyesha kwamba vimelea vya kwenye kondo vinashika sukari hiyo tofauti na vimelea vya mtu asiye na mimba, na baadaye ikajulikana vinatumia protini maalumu kujishikiza. Kinga yako ya utotoni haijawahi kukutana na protini hiyo. Yani kwa malaria ya kondo wewe mwenye mimba ya kwanza ni kama mgeni, mama mwenye mimba ya tatu au ya nne mwili wake umeshaanza kuitambua. Kwa hiyo kama kuna mtu kwenye foleni ile ya kliniki ambaye SP inamhusu kuliko wengine, ni wewe.

Na vimelea vikijazana kwenye kondo kazi ya kondo inavurugika. Damu ya mama inapita pale ikimpelekea mtoto hewa na chakula, sasa kukijaa vimelea na chembe za kinga zinazopambana navyo, pale panavimba, mtoto anapata pungufu, anakua taratibu, anazaliwa na kilo pungufu au anakuja njiti kabla ya wakati. Mama naye damu inapungua. Na mengi ya haya yanatokea mama akiwa anatembea, anapika, anaenda sokoni, hana homa yoyote. Wengi wanasubiri homa ndo waamini kuna malaria, kwenye mimba hiyo ni hatari.

Ndo hapohapo jibu la swali lako la "nilipimwa sina" linapopatikana. Kipimo cha haraka kinachukua tone la damu ya kidoleni. Vimelea vikiwa vimekaa kwenye kondo, kwenye kidole vinaweza kuwa vichache kiasi kwamba kipimo hakivioni. Sisemi ulikuwa navyo, inawezekana kabisa ulikuwa safi, na kama ulikuwa safi dawa inakulinda na vitakavyokuja. Ninachosema ni kwamba negative ya kidoleni haitoshi kutuambia kondo liko salama. Na hili halikuachwa kwenye kudhani. Watafiti Kenya, Malawi na nchi za Afrika Magharibi walilijaribu wazo ambalo hata mimi ningelipenda: badala ya kumpa kila mjamzito SP, tumpime kila anapokuja kliniki, mwenye malaria atibiwe kwa dawa kali, asiye nayo aende zake. Kwenye karatasi linapendeza. Kenya na Malawi matokeo yalitoka kwamba njia hiyo haikuishinda SP, na malaria ikaonekana zaidi kwa waliokuwa wanapimwa tu, pamoja na kwamba ni maeneo yenye usugu mkubwa wa SP. Ndo maana kwetu bara unapimwa hudhurio la kwanza na SP unapewa vilevile, kipimo hakichukui nafasi ya SP. Zanzibar ni habari nyingine, kule malaria ilishuka sana wakaachana na SP wakabaki na kupima, na Kenya wanatoa SP kwenye kaunti zenye malaria nyingi kama za ziwa na pwani, Nairobi huipati. Dawa ileile, ushahidi uleule, lakini kila sehemu inapima malaria yake ikoje ndo inaamua. Sengerema malaria bado ipo ya kutosha.

Unaweza kuuliza, tunajuaje kama SP inasaidia kweli? Kilifi, Kenya, walifanya utafiti uliochapishwa 1999, waliandikishwa wanawake 1,264 wote mimba ya kwanza kama wewe, wengine wakapewa SP wengine vidonge visivyo na dawa, na upungufu mkubwa wa damu ukapungua kwa asilimia 39 kwa waliopewa SP. Utasema hiyo ni zamani kabla usugu haujakolea, sawa. Mwaka 2013 yakajumlishwa majaribio saba ya Afrika, wajawazito zaidi ya 6,000, yakilinganisha wanawake waliopata dozi mbili tu na waliopata tatu au zaidi, na watoto wenye uzito pungufu walipungua kwa asilimia 20 kwa akina mama wa dozi nyingi. Halafu 2019 ukaja uchambuzi uliouliza swali la mama mkwe wako moja kwa moja: kwenye maeneo ambayo vimelea sugu ni zaidi ya asilimia 90, SP bado ina maana? Jibu likawa ndiyo, ila faida imepungua, watoto wenye uzito mdogo wanapungua kwa asilimia kama 10 tu. Na sehemu ambazo vimelea vimeongeza badiliko jingine juu ya yale matano, likaenea sana, faida hiyo haikuonekana. Sehemu za mkoa wa Tanga, Muheza na Korogwe, badiliko hilo lilionekana na watafiti wakapiga kelele mapema. Nakwambia hili wazi kwa sababu ukweli wa nusu ndo unaozaa maneno ya stoo. SP si dawa ya ajabu. Ni dawa iliyochoka ambayo mpaka sasa, kwa mama aliyepo kwenye eneo kama lako, kuimeza ni bora kuliko kutoimeza.

Sasa shemeji na dawa yake mpya. Na yeye hajadanganya, utafiti huo upo na ni mzuri sana, ulifanyika Kenya, Malawi na kaskazini mashariki ya Tanzania, wanawake 4,680, ukachapishwa 2023. Dawa yenyewe inaitwa kwa kifupi DP, dihydroartemisinini na piperaquine, nayo ni mseto lakini inakaa mwilini muda mrefu kuliko ALu, na vimelea vyetu huku havijaishinda. Sote tulitegemea itaipiku SP. Na kweli, kwa malaria yenyewe ilipiku, wanawake wa DP waliugua malaria kidogo kuliko wa SP. Ila kinachohesabiwa mwisho wa siku ni mtoto kafikaje, na hapo ndo watu walipigwa na butwaa: ukijumlisha mimba kuharibika, watoto kufa, njiti na wenye uzito pungufu, kundi la SP walipata matatizo hayo asilimia 23.3 na kundi la DP asilimia 27.9. Dawa inayozuia malaria vizuri zaidi, na matokeo ya watoto hayakuwa bora, yalikuwa mabaya kidogo. Akina mama wa SP waliongezeka uzito zaidi wakati wa ujauzito pia.

Imekuwaje? Dhana inayoshika nguvu ni kwamba SP inafanya kitu kingine mbali na malaria. Sulfa ni jamii ya dawa zinazoua bakteria, kwa hiyo inawezekana inapunguza maambukizi mengine madogomadogo, au inabadilisha kitu tumboni chakula kinavyotumika, mama anaongezeka uzito na mtoto anakua. Namna hasa inavyofanya hivyo bado inachunguzwa. Uganda wamekuwa wakijaribu kuchanganya SP na DP pamoja ili kupata faida ya kila moja, na hiyo ni hatua yenye mantiki.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu swali lako la "kwa nini hatupewi" watu wengi wanalijibu kwa kulaumu kwamba tafiti zinafanyika kisha zinafungiwa kabatini. Zipo zinazofungiwa, siwezi kukataa. Lakini hii haikufungiwa kabatini. Hii ilifanya kazi yake, kazi ya kutuzuia tusibadilishe dawa haraka kwa sababu tu mpya inaonekana kali. Kama tungeangalia kipimo cha malaria peke yake tungeshaitupa SP, na watoto wengi wangezaliwa wadogo bila mtu kujua sababu. Utafiti mzuri wakati mwingine jibu lake ni "subiri", na mtu wa kijijini hana namna ya kujua kwamba kuna watu wamekataa kubadilisha kwa makusudi, yeye anaona dawa ya zamani tu.

Kwenye kabati kweli kuna jambo jingine, na hili linanikera. Shirika la Afya Duniani tangu 2012 limesema wazi mjamzito kwenye maeneo yenye malaria apewe SP kila anapohudhuria kliniki kuanzia mwezi wa nne, kukiwa na mwezi mmoja kati ya dozi na dozi, afikishe angalau tatu. Kabla ya hapo maelekezo yalikuwa yanachanganya, sisi tulikuwa na dozi mbili tu za wiki ya 20 mpaka 24 na ya 28 mpaka 32, mama akija wiki ya 26 nesi anabaki anajiuliza ampe au asimpe, na wengi walirudishwa bila. Yani miaka ile tulipoteza dozi za bure kwa sababu ya namna mwongozo ulivyoandikwa. Magharibi mwa Kenya waligundua kwamba ukimwelekeza mhudumu upya kwa lugha nyepesi, dozi zinapanda, bila kununua mashine wala dawa mpya. Na tafiti zilizowahoji wahudumu na akina mama nchi mbalimbali za Afrika zikataja vitu vilevile: dawa zimeisha, mama kaanza kliniki mimba imeshakua, hakuna maji wala vikombe vya kumezea. Maji na vikombe! Miaka na miaka ya utafiti wa maabara, mamilioni ya fedha, halafu dozi inaishia kwenye mkoba wako kwa sababu ndoo ya maji ilikuwa tupu. Ningekuwa na uwezo kila kliniki ingehesabiwa vikombe kama inavyohesabiwa dawa. Kwa sasa fanya hivi, siku ya kliniki beba chupa yako ya maji. Haihitaji uwe umekula, hata tumbo tupu unameza. Kwa kuwa unaelekea kwenye watu wengi na harufu za asubuhi, ukijisikia kichefuchefu mwambie nesi, na ukitapika ndani ya nusu saa rudi dirishani mwambie usiondoke kimya, dozi itarudiwa.

Kuna nchi zimeamua zisingoje mama aje. Kongo, Msumbiji, Madagaska na Nigeria walijaribu kuwatumia wahudumu wa afya wa jamii kupeleka SP majumbani, kwa mtu anayefahamika mtaani, huku wakimhimiza mama aende kliniki vilevile, na tangu 2022 WHO nayo imekubali njia hiyo itumike pale ambapo kliniki hazifikiki vizuri. Mimi naipenda, kwa sharti moja tu, huyo mhudumu afundishwe kujibu maswali kama haya yako, asiwe wa kugawa vidonge na kuondoka.

Turudi kwenye mseto wa dukani. Tafadhali usinunue. ALu ni dawa ya mtu mwenye malaria, anameza mara mbili kwa siku kwa siku tatu, sehemu kali ya dawa inaisha mwilini ndani ya saa chache na iliyobaki haikai kama SP, kwa hiyo kwa kukinga utajisumbua bure. Na kuna sababu nyingine kubwa zaidi. Huko Kagera, jirani zako, na Rwanda na Uganda, vimelea vinavyoanza kuvumilia hizi dawa za artemisinini vimeshaonekana. Bado zinatibu, lakini tukizimeza ovyo bila ugonjwa tutazifanya kama tulivyofanya SP na klorokwini, na baada yake hatuna akiba kubwa. Siku ukipimwa ukakutwa na malaria kweli, hapo utapewa mseto hospitali na utaumeza wote bila kuogopa, hata mwenye mimba changa siku hizi anaruhusiwa ALu kwa mwongozo wa WHO wa 2022, kwa sababu malaria isiyotibiwa ina hatari kubwa kwa mtoto kuliko dawa.

Kuhusu kumdhuru mtoto. SP imetumika kwa wajawazito zaidi ya miaka 20 nchi nyingi za Afrika, kuanzia miezi mitatu ya kwanza ikishapita, yani wiki ya 13 na kuendelea, mpaka karibu na kujifungua ni salama. Miezi mitatu ya mwanzo hatuitoi kwa kukinga kwa sababu ndo viungo vya mtoto vinaumbika na SP inagusa njia ya mwili ya kutumia foleti, ile vitamini ya kujenga damu, wewe umeshavuka huko. Maudhi ya kawaida ni kichefuchefu, kizunguzungu, uchovu wa siku moja, na mara nyingi dozi ya kwanza ndo inasumbua kuliko zinazofuata.

Ila wapo wasiotakiwa kumeza na hapa unisikilize vizuri. Kama umewahi kupata mzio wa dawa za sulfa, iwe Septrin au Fansidar, mwili ukavimba au ukatoka malengelenge, usimeze, mwambie nesi aandike kwenye kadi. Kama unaishi na VVU na unatumia Septrin kila siku, SP usichanganye, zote mbili ni sulfa, na hiyo Septrin yenyewe inakupa kinga dhidi ya malaria. Sijui hali yako na si lazima uniambie mimi, lakini nesi wako lazima ajue, na kama mlisoma kadi kwa haraka siku ile muulize faragha. La tatu ni foliki asidi. Vile vidonge vya damu unavyopewa kliniki, FEFO, vina foleti kidogo, miligramu 0.4, havina shida yoyote na SP na usiviache. Lakini dukani kuna foliki asidi ya miligramu 5, watu wananunua wakidhani kubwa ndo bora. SP inafanya kazi kwa kumnyima kimelea foleti, sasa ukimeza foleti nyingi unamrudishia chakula chake, na utafiti wa magharibi mwa Kenya ulionyesha wazi kwamba wajawazito waliopewa hiyo ya 5 SP iliwashindwa zaidi. Kama daktari kakuandikia ya 5 kwa sababu maalumu usiiache kimyakimya, mwambie unapewa na SP aamue.

Haya, vidonge vya kwenye mkoba. Usivimeze leo usiku baada ya kusoma hapa. Nenda navyo kliniki na kadi yako, hata kama tarehe haijafika, sema ukweli kwamba dozi ya pili hukumeza. Sababu ni kwamba kwenye kadi imeshaandikwa umepata, na nesi anahesabu mwezi kuanzia tarehe hiyo. Akijua ukweli ataangalia ile ya kwanza ulimeza lini, kama mwezi umeshapita atakumezesha palepale na atarekebisha kadi, na ratiba yako itaanzia hapo. Usimeze sita kwa mara moja kufidia, haifidii kitu. Kwa umri wa mimba yako una nafasi bado ya dozi tatu hata nne kabla ya kujifungua, hujachelewa. Na kama inawezekana nenda na mama mkwe. Huyu ni mtu anayefuatilia dawa na anakujali, na wazee kama yeye waliiona SP ikishindwa kwa macho yao, akielezwa vizuri atakuwa wa kwanza kukukumbusha tarehe.

Neti endelea nayo, hilo unalifanya vizuri, na SP haiji kuchukua nafasi yake wala yenyewe haichukui nafasi ya SP. Mbu wa siku hizi wengine wanauma jioni mapema watu wako nje wanapika.

Mwisho, haya ndo mambo ambayo ukiyaona hutafuti jibu kwenye simu, unaenda kituo cha afya saa hiyohiyo iwe usiku iwe Jumapili. Homa au kutetemeka, kichwa kuuma sana, hata kama ulimeza SP juzi, kwa sababu SP inapunguza malaria lakini haiizuii yote, na ukiugua upimwe upewe dawa ya kutibu, wasikupe SP tena kama tiba. Kutapika kila unachokula, kuishiwa nguvu mpaka unashindwa kusimama, kuhema haraka, viganja na midomo kuwa myeupe, macho ya njano, mkojo mweusi. Kuzimia au degedege. Kutokwa damu au maji ukeni, tumbo kubana kabla ya wakati, au mtoto aliyekuwa anacheza vizuri akapunguza kucheza. Na baada ya kumeza SP ukiona ngozi inatoka malengelenge, inachubuka, au vidonda vinatokea mdomoni na machoni, ni nadra sana lakini ni dharura, usimeze dozi nyingine, nenda hospitali siku hiyohiyo na ubebe karatasi ya dawa uliyopewa ili waone ulimeza nini.